Maitu Njugira: kwa nini serikali huru ilifungia mlango mchezo uliohusu ukoloni

Ile stori ya mchezo wa Ngugi wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, uliopigwa marufuku inasimuliwa kila mara na karibu kila mara inasimuliwa vibaya. Mtu anakwambia ni ule wa Kimathi, mwingine anasema ni Ngaahika Ndeenda, wa tatu anasema Ngugi aliandika mchezo wa kumtukana rais Moi ndo maana akatoroka nchi. Ukweli ni kwamba hapo kuna michezo mitatu tofauti, ya miaka mitatu tofauti, na ule ambao mimi naona ndo una somo kubwa zaidi ni ule wa mwisho ambao watu wengi hata jina lake hawajalisikia: Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie. Mchezo huu haukumtaja rais yeyote wa Kenya. Ulihusu miaka ya 1930, enzi za masetla, wazungu wenye mashamba, na kipande, na bado serikali ya mwaka 1982, serikali ya Waafrika kabisa, iliufungia mlango ikatuma na polisi. Sasa hapo ndo swali lilipo, kwani serikali huru inaogopa nini kwenye mchezo unaomsema mkoloni?

Tuanze kwa kutenganisha hiyo michezo kwanza manake bila hivo hatutaelewana.

Wa kwanza ni The Trial of Dedan Kimathi, unaomhusu kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na mkoloni msituni, ambao kwa Kiswahili wengi tunaujua kama Mzalendo Kimathi. Ngugi aliuandika pamoja na Micere Githae Mugo na ukapanda jukwaani Oktoba 1976 pale Kenya National Theatre, Nairobi, ukielekezwa na Seth Adagala, kwa maandalizi ya FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka 1977. Ugomvi wa huo mchezo haukuwa marufuku, ulikuwa siku za ukumbi. Wasimamizi wa ukumbi wa taifa, miaka 13 baada ya uhuru, walikuwa na ratiba iliyojaa michezo ya muziki ya kuchekesha kutoka nje na baleti ya Kifaransa, na michezo miwili ya Kenya, huo wa Kimathi na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ikabanwa katikati ikapewa usiku chache tu. Watu walijaa hata hivyo na wakamaliza wakicheza ngoma mpaka nje barabarani.

Wa pili ni Ngaahika Ndeenda, Nitaolewa Nikipenda, wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Huu ulichezwa kwa Kikuyu kule Kamiriithu, Limuru, na wanakijiji wenyewe, kwenye jukwaa la wazi walilolijenga kwa mikono yao, viti karibu 2,000. Ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 na tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni kwamba unachochea ugomvi wa matabaka. Mwisho wa Desemba Ngugi akakamatwa usiku akawekwa jela ya Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Huu mchezo ulihusu Kenya ya wakati huo huo, mkulima maskini na tajiri anayemnyang'anya ekari yake moja na nusu, kwa hiyo hasira ya wakubwa inaeleweka hata kama huikubali, waliokuwa wanasemwa walikuwa wamekaa ofisini.

Sasa wa tatu ndo mtihani.

Baada ya Ngugi kutoka jela chuo kikuu hakikumrudishia kazi, na watu wa Kamiriithu mwaka 1981 wakaanza kazi mpya. Maitu Njugira ni mchezo wa muziki zaidi kuliko maneno, nyimbo zaidi ya 80 kutoka jamii mbalimbali za Kenya, ngoma, mwili unaongea, na mazungumzo ni machache. Hadithi yenyewe iko kwenye shamba la setla miaka ya 30, wafanyakazi, mzungu mwenye shamba, na Mwafrika anayemsaidia mzungu kuwabana wenzake. Na kitu kinachoshika hadithi nzima ni sheria ya kipande.

Hapa inabidi nikae kidogo manake vijana wengi siku hizi wakisikia kipande wanawaza kitambulisho tu, kadi ya mfukoni. Kipande cha mkoloni kilianza na sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, ikatekelezwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1919 na 1920 baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kukibeba akitoka nje ya eneo lake. Ni karatasi imekunjwa ndani ya kikasha cha chuma, kikasha kinaning'inia shingoni kwa kamba. Ndani kuna jina, kabila, alama za vidole, umeajiriwa na nani, lini, mshahara gani, na muhimu kuliko yote, sahihi ya mwajiri kwamba amekuachilia. Bila hiyo sahihi huwezi kuajiriwa kwingine. Ukiondoka shambani kwa setla bila sahihi wewe si mtu aliyeacha kazi, wewe ni mtoro na utoro ni kosa la jinai, unatafutwa na polisi, unapigwa faini au unafungwa.

Ukiweka hapo juu kodi ya nyumba iliyoanza tangu 1901 na kodi ya kichwa iliyofuata 1910, ambazo ilibidi zilipwe kwa pesa taslimu, na pesa taslimu zilipatikana kwa kufanya kazi kwa mzungu, unaona mtego ulivyokuwa umekamilika. Kodi inakusukuma shambani, kipande kinakuzuia kutoka. Gavana Northey mwaka 1919 alitoa hadi waraka wa kuwaambia maafisa na machifu wawahimize vijana waende kazini kwa masetla, na kila mtu aliyeishi zama hizo alijua chifu akihimiza maana yake ni nini. Mfumo huu uliendelea hadi mwaka 1947 ulipobadilishwa na sheria ya kuandikisha watu wote. Karibu miaka 30 mwanaume mzima anatembea na chuma shingoni kwenye nchi yake mwenyewe. Mimi nikisoma haya mambo moyo unanichemka kila mara na sioni kama kuna siku nitayazoea.

Na kuna jambo la mahali ambalo linafaa kujulikana. Kenya National Theatre iko Harry Thuku Road, mkabala na hoteli ya Norfolk, hatua chache kutoka chuo kikuu. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika hapo karibu, kwenye kituo cha polisi, kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amekamatwa kwa sababu ya kupinga mambo yale yale, kipande, kodi, kupunguzwa mishahara, wasichana kulazimishwa kazi za mashambani. Mary Muthoni Nyanjiru akawapa changamoto wanaume waliokuwa wanasitasita, umati ukasogea, polisi wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba masetla waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walijiunga kupiga. Hesabu rasmi ilikuwa watu 21 waliokufa na waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Kwa hiyo kuupeleka mchezo wa kipande kwenye huo ukumbi, na si kwingine, ilikuwa ni kuurudisha pale pale damu ilipomwagika kwa ajili ya kipande. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa na wakoloni mwaka 1952, mwaka ule ule wa Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni kuwakabili Mau Mau.

Basi, ilivyokwenda. Kundi la Kamiriithu liliomba ukumbi, likaomba leseni mapema, ufunguzi ukapangwa tarehe 19 Februari 1982. Leseni haikuja na wala jibu la kukataliwa halikuja, na hii ni sehemu watu hawaijui, wanadhani kulikuwa na barua ya marufuku yenye muhuri na sababu. Hakukuwa na kitu kama hicho. Walifika ukumbini wakakuta milango imefungwa na polisi wapo. Wakahamia chuo kikuu kwenye ukumbi mmoja wa pale na kuendelea na mazoezi mlango wazi, na mazoezi hayahitaji leseni, kwa hiyo watu wakawa wanakuja kuangalia mazoezi. Walikuja wengi kiasi kwamba waigizaji walikosa pa kukanyaga, watu wamekaa chini, kwenye korido, pembeni ya jukwaa, hadi juu ya jukwaa lenyewe, kwa siku chache zaidi ya watu 10,000 waliuona mchezo ambao rasmi haujawahi kufunguliwa. Halafu chuo nacho kikaambiwa kiwatoe.

Tarehe 11 Machi 1982 kituo cha Kamiriithu kikafutiwa usajili na shughuli za maigizo zikapigwa marufuku eneo lile. Kesho yake, tarehe 12, malori matatu ya polisi wenye silaha yakaenda Limuru yakalibomoa lile jukwaa la viti 2,000. Jukwaa halikuwa na mchezo siku hiyo, lilikuwa mbao na nguzo tu. Lilibomolewa mpaka chini.

Kwa nini? Kuna majibu kadhaa yanayozunguka na nadhani kila moja lina kipande cha ukweli lakini hakuna linalotosha peke yake.

Wako wanaosema ni kwa sababu ya Ngugi mwenyewe, kwamba baada ya Kamiti jina lake tu lilitosha. Ni kweli jina lake lilikuwa moto, lakini riwaya yake ya Kikuyu, Caitaani Mutharaba-ini, ilichapishwa Nairobi mwaka 1980 na ikauzwa madukani, watu wakawa wanaisoma kwa sauti kwenye matatu na kwenye baa. Kitabu kilikuwa kikali kuliko Maitu mara nyingi, na hakikuzuiwa kuuzwa. Kwa hiyo tatizo halikuwa jina peke yake.

Wengine wanasema ni siasa za mwaka ule. Hii ina uzito zaidi. Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria, walimu wa chuo kikuu wakaanza kukamatwa, na tarehe 1 Agosti likatokea jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa anga. Serikali ilikuwa na wasiwasi kila mahali. Lakini wasiwasi una macho, unachagua wa kumwangalia, na bado inabidi tueleze kwa nini uliangalia wachuma chai wa Limuru wanaoimba kuhusu mwaka 1930 na kitu.

Mimi naamini jibu liko kwa nyapara. Mchezo wa ukoloni wenye mzungu mbaya upande mmoja na Waafrika wema upande wa pili usingemsumbua waziri yeyote, angekuja akae kiti cha mbele apige makofi. Maitu haikukata hivyo. Ilimweka katikati yule Mwafrika aliyenufaika, anayeshika kiboko kwa niaba ya bwana na anayejiandaa kukaa kiti cha bwana, na ikawaonyesha watazamaji kwamba uonevu ule haukuwa wa rangi ya ngozi tu, ulikuwa utaratibu wa nani anamiliki shamba na nani anashinda ameinama humo. Watu waliokuwa wanacheza walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wachuma chai, vibarua, wakulima wadogo, wamama ambao kijiji chao cha Kamiriithu chenyewe kilianzishwa na mkoloni wakati wa Emajensi kwa kuwakusanya watu kwa nguvu. Mtu kama huyo asubuhi ameamka akaenda kwenye majani ya chai chini ya nyapara wa kweli, jioni anasimama jukwaani anamwigiza nyapara wa mwaka 1930 na hahitaji mtu amweleze chochote. Mtazamaji naye hahitaji. Nyanda za juu za masetla zilikuwa zimebadilisha wenye hati, mashamba makubwa mengi yalinunuliwa na wakubwa wa utawala mpya, na mchuma chai alibaki mchuma chai.

Ongeza na ule ukimya wa Mau Mau. Kenyatta baada ya uhuru alisisitiza tusahau ya kale, sote tulipigania uhuru, na marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau ikaachwa kwenye vitabu vya sheria hadi mwaka 2003. Fikiria hilo, miaka 40 ya uhuru na bado kisheria wapiganaji wa msituni ni kundi haramu. Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 1957 na sanamu yake Nairobi ilizinduliwa Februari 2007. Katikati hapo historia ya ukoloni ilikuwa eneo lenye ulinzi, manake ukianza kuuliza nani aliteseka lazima utauliza pia nani alikuwa homgadi, yaani mlinzi Mwafrika wa upande wa mkoloni, nani alitia sahihi, na shamba la aliyekuwa msituni lilienda kwa nani. Kwa hiyo kusema mchezo ulihusu zamani tu ni kukosa kuelewa, kwa Kenya ya wakati ule zamani ndo ilikuwa siasa ya leo kuliko leo yenyewe.

Halafu kuna nyimbo. Ngaahika ilikuwa ya Kikuyu na serikali ingeweza kusema ni mambo ya Kiambu, ya kabila moja. Maitu ilichukua nyimbo za jamii zaidi ya nane na ikazipanga kwenye hadithi moja ya wafanyakazi, na ikawa inaletwa Nairobi katikati ya jiji. Wanaosema Ngugi alikuwa mkabila kwa sababu aliandika kwa Kikuyu, na hii lawama naiheshimu, ina watu makini nyuma yake na wasemaji wa lugha nyingine wana haki ya kuuliza nafasi yao iko wapi, wangeangalia huu mchezo kwanza. Mfanyakazi Mluo, Mkamba, Mkikuyu, wote walivaa kipande kile kile. Utawala uliozoea kuongea na kila kabila kupitia wazee wake haukufurahia kuona wanaimba pamoja kuhusu mshahara.

Kuna lawama nyingine kwamba ile ilikuwa propaganda ya Kimarx iliyofunikwa kwa ngoma. Ndiyo, waandishi walikuwa na msimamo wa mrengo wa kushoto na hawakuuficha, na unaweza kusema wahusika wengine ni wa kupigiwa mstari mno, mbaya ni mbaya mzuri ni mzuri. Hayo ni mambo ya kuhakiki kwenye gazeti baada ya kuangalia. Polisi na mabuldoza si wahakiki.

Na silaha iliyotumika ndo inaniuma zaidi. Leseni. Utaratibu kwamba wananchi hawawezi kukusanyika kuigiza bila ruhusa ya ofisa haukubuniwa na Moi wala Kenyatta. Sheria ya mamlaka ya machifu ni ya mwaka 1937, sheria ya usalama wa umma kwenye mikusanyiko ni ya mwaka 1950, zote za mkoloni, na mapema 1930 mkoloni huyo huyo alipiga marufuku Muthirigu, nyimbo za Wakikuyu zilizowasema wamisionari na machifu waliokuwa upande wa serikali. Serikali huru ilirithi makabati pamoja na yaliyomo. Mchezo kuhusu mtu asiyeweza kutembea bila karatasi ya bwana ukazuiwa kwa kukosa karatasi ya bwana mpya, na hakuna muhakiki angeweza kuuthibitisha ukweli wake vizuri kuliko hivyo.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao wa karibu kabisa. Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, tamthilia ya wafanyakazi kwenye shamba la mzungu Delamon, wakiongozwa na mwanamke, Lanina. Mazingira ya setla tena, ukoloni tena, lakini kila msomaji alielewa. Mwaka 1982 Mazrui akakamatwa akawekwa kizuizini bila kesi zaidi ya mwaka, na mashairi aliyotunga huko yakaja kuwa Chembe cha Moyo. Tukivuka mpaka kwenda Tanzania unaona tofauti, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 inahusu vita vya Maji Maji dhidi ya Mjerumani na ikaingia mashuleni bila shida, hata Kenya tuliisoma. Siyo kwamba Hussein ni mwoga, ile tamthilia ina maswali magumu sana kuhusu uongozi na uongo unaounganisha watu. Ni kwamba dola ya Dar wakati ule ilijiona mrithi wa Maji Maji, ilitaka hadithi hiyo isimuliwe. Dola ya Nairobi haikujiona mrithi wa msitu wa Nyandarua, walikopigana Mau Mau, hata ikisema hivyo majukwaani.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Ngugi alikuwa London katikati ya 1982, akaonywa asirudi, ikawa uhamisho wa miaka 22 hadi alipokanyaga tena Kenya mwaka 2004, na alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Micere Mugo naye aliondoka, akafariki mwaka 2023. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau, aliyeielekeza Ngaahika, walienda Zimbabwe wakaendeleza maigizo ya vijijini huko, Wazimbabwe wakafaidi kilichofukuzwa Limuru. Ngaahika Ndeenda yenyewe ilirudi Mei 2022, ikachezwa Kenya National Theatre kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, watu wakalipa tiketi wakaenda nyumbani salama.

Wale wanaosema mambo haya yalikwisha na chama kimoja waangalie wanafunzi wa Butere Girls, shule ya sekondari ya wasichana. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulizuiwa kwenye tamasha la shule hadi mahakama kuu ikaamuru uchezwe. Aprili 2025 wakaja na Echoes of War kule Nakuru, mwandishi wake akakamatwa, polisi wakapiga vitoza machozi, wasichana wakaambiwa wacheze bila watazamaji wakakataa. Jaji wa mahakama kuu alikuwa tayari ametoa amri mchezo uchezwe. Mwaka 1982 watu wa Kamiriithu hawakuwa na mahakama ya kukimbilia, leo ipo na inatoa amri nzuri, lakini yule ofisa anayeamini kazi yake ni kushika ufunguo wa ukumbi bado yuko kazini, na huyo hajawahi kuandikiwa sheria ya kumwondoa.

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo na kinawezekana. Ngaahika imerudi, basi Maitu Njugira nayo ipangiwe usiku wake pale Harry Thuku Road, na nyimbo zote 80 na zaidi, kwa lugha zake zote, na tiketi za kwanza ziende kwa wachuma chai wa Limuru.